Uga una data tayari na aina yake si sahihi: uga mpya pembeni, kubomoa na kujenga upya, ALTER TABLE au CSV?

Tuseme `field_kurasa` uliundwa kama maandishi mafupi, ukajazwa mara elfu kadhaa, na sasa vitabu vinatakiwa kupangwa kwa idadi ya kurasa. Orodha inatoka 1000, 120, 98, kwa kuwa maandishi hupangwa herufi kwa herufi na 1 hutangulia 9. Dawa inaonekana ndogo: geuza maandishi yawe namba. Lakini kwenye Drupal, mfumo wa kuendeshea maudhui ya tovuti, hakuna kitufe cha kufanya hivyo. Fomu ya kuhariri uga haina mahali pa kubadili aina, na ukilazimisha kwa msimbo mfumo hutoa kosa na kukataa kuhifadhi.

Sababu iko kwenye hifadhidata. Kila uga wa aina hii una majedwali mawili: `node__field_kurasa` kwa toleo linaloonekana sasa, na `node_revision__field_kurasa` kwa matoleo yote. Kila mstari unabeba `bundle`, `deleted`, `entity_id`, `revision_id`, `langcode` na `delta` (nafasi ya thamani kwenye uga wenye thamani nyingi), kisha safu za thamani yenyewe. Safu hizo za mwisho ndizo hutofautiana. Maandishi mafupi yana moja tu, `_value`, ya VARCHAR(255). Maandishi yenye fomati yanaongeza `_format`. Kiungo kina `_uri`, `_title` na `_options`. Uga wa kurejelea kitu kingine hauna `_value` kabisa, una `_target_id`. Kwa hiyo kubadili aina mara nyingi si kubadili chombo cha thamani ileile. Ni kubadili umbo la jedwali. Mfumo hauwezi kukisia jina "Asha Juma" ligeuke namba ipi.

Njia zinazotumika ni nne. Jina la mashine ni jina la ndani la uga, kama `field_kurasa`; ALTER TABLE ni amri ya SQL ya kubadili jedwali lenyewe; CSV ni faili la maandishi lenye safu.

| Njia | Jina la mashine | Matoleo ya zamani | Ukikosea |
|---|---|---|---|
| Uga mpya pembeni | linabadilika | unayachukua ukitaka | data ya zamani haijaguswa |
| Kubomoa na kujenga upya | linabaki | yanabaki ukirejesha majedwali yote mawili | unategemea nakala rudufu |
| ALTER TABLE na kurekebisha kumbukumbu za mfumo | linabaki | yanabaki | jedwali na mipangilio hugombana |
| CSV, kutoa na kuingiza | kwa kawaida linabadilika | hayachukuliwi | unarudia kuingiza |

Kazi nyingi zinamalizwa vizuri na ya kwanza. Ya pili ina haki yake pale tu jina la mashine haliwezi kuguswa. Ya tatu tungeiachia kurefusha uga, si kubadili aina. Ya nne ni kwa data chafu ambayo lazima ipite mikononi mwa mtu.

## Kwanza: je, ni aina kweli?

Sehemu kubwa ya maombi ya "badilisha aina" yanahusu fomu au mwonekano. Uga wa kurejelea unaweza kuwa orodha kunjuzi, vitufe vya kuchagua au kisanduku kinachokamilisha maneno unapoandika, na hifadhidata isibadilike hata kidogo. Namba inaweza kuonyeshwa na alama ya kutenga maelfu bila kuguswa. Tarehe ileile inaonyeshwa kwa mpangilio wowote. Badilisha kwenye usimamizi wa fomu na wa mwonekano, na kazi imeisha.

Kuna nyuga ambazo hazipaswi kuwa namba hata kama zimejaa tarakimu. Namba ya simu ikigeuzwa namba kamili hupoteza sifuri ya mwanzo. ISBN ya tarakimu 13 haiingii kwenye uga wa namba kamili wa kawaida, ambao kikomo chake ni 2,147,483,647, na ISBN ya zamani ya tarakimu 10 inaweza kuishia na herufi X. Kipimo ni rahisi: kama hutajumlisha wala kulinganisha ukubwa, acha maandishi na uweke kanuni ya uhakiki kwenye fomu.

## Ukaguzi, kabla ya kuchagua njia

Chukua nakala rudufu ya hifadhidata nzima (kwa Drush, zana ya amri ya Drupal: `drush sql:dump --gzip --result-file=../kabla.sql`) na fanya kila jaribio kwenye nakala ya tovuti. Kisha angalia kilichomo:

```
SELECT BINARY field_kurasa_value AS thamani, COUNT(*) AS idadi
FROM node__field_kurasa
GROUP BY thamani ORDER BY idadi DESC;

SELECT entity_id, field_kurasa_value
FROM node__field_kurasa
WHERE field_kurasa_value NOT REGEXP '^[0-9]+$';
```

Neno `BINARY` halipo kwa mapambo. Ulinganishaji ambao Drupal hutumia kwa kawaida kwenye MySQL, `utf8mb4_general_ci`, hauoni tofauti ya herufi kubwa na ndogo wala nafasi tupu mwishoni. Bila neno hilo, "Asha Juma", "asha juma" na "Asha Juma " zinakusanywa kwenye mstari mmoja, unadhani data ni safi, halafu kwenye kugeuza unapata waandishi watatu.

Matokeo ya swali la pili ndiyo yanayoamua njia. Yakitoka sifuri au machache, kazi ni ya SQL na ya muda mfupi. Yakitoka mamia ya "320 kur.", "xii + 240" na "hazijulikani", hakuna amri ya hifadhidata itakayoamua kwa niaba yako. Andika pia idadi ya mistari ya majedwali yote mawili, utazihitaji mwishoni.

Kwenye seva ya msimbo, tafuta jina la uga: `grep -r field_kurasa` ndani ya moduli zako, violezo vya Twig na folda ya mipangilio. Ukiona sehemu tano, jina linaweza kubadilika bila shida. Ukiona themanini, au kuna programu ya simu inayosoma JSON:API yako (njia ya Drupal ya kutoa data kwa programu nyingine) na haiko mikononi mwako, ndipo njia ya pili inaanza kuwa na maana.

## Uga mpya pembeni

Wahariri hawaoni jina la mashine, wanaona lebo. Hili husahaulika sana na ndilo linaloiokoa njia hii. Unaweza kuunda `field_idadi_kurasa` wenye lebo ileile "Kurasa", ukauficha ule wa zamani kwenye fomu, na mhariri asijue kilichotokea. Jina lisizidi herufi 32, kiambishi `field_` kikiwemo.

Unda uga, weka kwenye kila aina ya maudhui iliyotumia ule wa zamani, kisha nakili. Hapa kuna njia mbili ndogo, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Kunakili kwa SQL ni kwa haraka na hakugusi kitu kingine:

```
INSERT INTO node__field_idadi_kurasa
  (bundle, deleted, entity_id, revision_id, langcode, delta,
   field_idadi_kurasa_value)
SELECT bundle, deleted, entity_id, revision_id, langcode, delta,
   CAST(field_kurasa_value AS UNSIGNED)
FROM node__field_kurasa
WHERE field_kurasa_value REGEXP '^[0-9]+$';
```

Rudia kwa `node_revision__field_kurasa`, kisha `drush cr`. Usiporudia, mtu akirejesha toleo la zamani uga mpya unakuwa mtupu, na hitilafu hiyo huonekana miezi baadaye wakati hakuna anayekumbuka. Usipofuta kache, ukurasa utaonyesha uga mtupu ingawa mistari ipo, kwa sababu Drupal huhifadhi kila maudhui yaliyokwisha kusomwa.

Usiache sharti la `REGEXP` kwa kuamini `CAST`. MySQL ikiambiwa igeuze "1,250" itarudisha 1, kwa kuwa inasimama kwenye alama ya kwanza isiyo tarakimu. "320 kur." inakuwa 320, jambo ambalo unaweza kulifurahia, na "xii + 240" inakuwa 0. Ndani ya `SELECT` tupu unapata onyo tu. Ndani ya `INSERT`, hali kali ya MySQL ikiwa imewashwa, amri nzima inakataliwa. Kukataliwa ni bahati. Seva iliyozimwa hali kali ndiyo ya kuogopa, maana itajaza sifuri kimya kimya.

Njia ndogo ya pili ni kupakia kila maudhui kwa msimbo, kuweka thamani na kuhifadhi, mafungu ya 50 au 100. Ni ya polepole na ina kelele: kila kuhifadhi kunaamsha moduli zinazosikiliza, zikiwemo zinazotuma barua pepe au kutengeneza anwani za kurasa. Tarehe ya "ilibadilishwa" husogea, hivyo orodha iliyopangwa kwa tarehe hiyo inavurugika. Kuhifadhi kwa msimbo kwa kawaida hakuongezi toleo jipya, lakini ita `setNewRevision(FALSE)` kuwa na uhakika. Na matoleo ya zamani hayaguswi.

Mbona basi mtu aichague? Kwa sababu kelele hiyo wakati mwingine ndiyo unayoihitaji. Mfano mzuri ni kugeuza `field_mwandishi` kutoka maandishi kwenda kurejelea istilahi ya taksonomia. Drupal ina jedwali la `taxonomy_index`, linalojazwa maudhui yanapohifadhiwa, na ukurasa wa kila istilahi huorodhesha maudhui kwa kulisoma jedwali hilo. Ukinakili `target_id` kwa SQL, ukurasa wa kitabu utaonyesha mwandishi, lakini ukurasa wa mwandishi utakuwa mtupu. Hapo hifadhi kwa msimbo. Vilevile pale mstari mmoja wenye "Asha Juma, Omari Said" unapopaswa kuwa mistari miwili yenye `delta` 0 na 1: SQL inaweza, ila utaijutia.

Baada ya kunakili, badilisha orodha za Views (moduli ya Drupal ya kutengeneza orodha), violezo na faharasa ya utafutaji zielekee uga mpya. Ule wa zamani uache umefichwa kwa muda kabla ya kuufuta. Gharama yake ni majedwali mawili yasiyosomwa. Faida yake ni kwamba thamani halisi iko hapo siku mtu akiuliza kwa nini kitabu fulani hakina kurasa.

## Kubomoa na kujenga upya kwa jina lilelile

Hii ndiyo njia ya anayeambiwa jina lisibadilike. Unahamishia data kwenye majedwali ya muda, unafuta uga, unaunda mwingine wa aina mpya kwa jina lilelile, unarudisha data.

Anzia kwenye kompyuta yako ya maendeleo. Futa uga, unda upya ukiwa namba kamili, panga fomu na mwonekano, kisha toa mipangilio kwa `drush cex`. Kabla ya kubonyeza kufuta, soma ukurasa wa uthibitisho. Unaorodhesha mipangilio yote itakayoguswa, na orodha ya Views iliyotegemea uga huo inaweza kupoteza sehemu zake au kuondolewa. Ndiyo maana mipangilio hiyo iwe kwenye Git kabla hujaanza, ili uirudishe kwa kulinganisha faili, si kwa kumbukumbu.

Sasa mtego mkubwa wa njia hii. Uga mpya una jina la zamani lakini UUID (kitambulisho cha kipekee) mpya. Ukiingiza mipangilio hiyo kwenye tovuti hai kwa `drush cim`, mfumo unaona jina moja lenye UUID mbili, unahitimisha kwamba wa zamani umefutwa na mwingine umezaliwa, na unafanya hivyo hivyo: unafuta, unaunda, bila kosa lolote kwenye skrini. Data imeondoka.

Kinga ni kufanya ubomoaji mwenyewe ndani ya `hook_update_N`, yaani kitendakazi cha sasisho cha moduli yako, kabla ya kuingiza mipangilio. Amri ya `drush deploy` tayari inafuata mpangilio huo: masasisho ya hifadhidata kwanza, mipangilio baadaye. Ndani ya kitendakazi cha sasisho, kazi inakwenda hivi. Tengeneza majedwali ya akiba kwa `CREATE TABLE akiba_kurasa AS SELECT * FROM node__field_kurasa`, na jingine kwa matoleo. Pakia hifadhi ya uga na uifute. Soma ufafanuzi mpya kutoka folda ya mipangilio, si kuuandika kwa mkono:

```
$sync = \Drupal::service('config.storage.sync');
FieldStorageConfig::create(
  $sync->read('field.storage.node.field_kurasa'))->save();
FieldConfig::create(
  $sync->read('field.field.node.kitabu.field_kurasa'))->save();
```

Kwa kuwa ufafanuzi umetoka kwenye faili, UUID inalingana, na `cim` ikifika baadaye haikuti tofauti kwenye uga wenyewe. Inarudisha tu mipangilio ya fomu na mwonekano iliyoondolewa wakati wa kufuta. Rudia mstari wa `FieldConfig` kwa kila aina ya maudhui yenye uga huo. Kisha jaza majedwali yote mawili kutoka akiba kwa `INSERT ... SELECT` kama ya juu. Majedwali ya akiba usiyafute ndani ya sasisho hilohilo. Yaache hadi utakapohesabu.

Tovuti iwe kwenye hali ya matengenezo muda wote huo. Mhariri akihifadhi kitabu katikati ya kufuta na kurudisha, toleo lake litakuwa halina kurasa, na mstari wa akiba utarudi ukiwa na `revision_id` ya nyuma.

Wanaosoma JSON:API wahabarishwe hata kama jina limebaki. Kilichokuwa `"320"` ndani ya alama za nukuu sasa ni `320` bila nukuu, na programu inayotarajia maandishi inaweza kuanguka kwa hilo tu.

## ALTER TABLE moja kwa moja

Inavutia kwa sababu amri ni fupi. Kwenye MySQL ni `MODIFY`, kwenye PostgreSQL ni `ALTER COLUMN ... TYPE ... USING`. Shida ni kwamba jedwali ni sehemu moja tu kati ya zinazotakiwa kukubaliana. Aina ya uga imeandikwa pia kwenye mipangilio (`field.storage...` na kila `field.field...`), na mara mbili zaidi kwenye jedwali la `key_value`: chini ya `entity.storage_schema.sql`, ambako umbo la jedwali limehifadhiwa, na chini ya `entity.definitions.installed`. Ukibadili jedwali ukasahau hizo, ripoti ya hali ya tovuti italalamika kwamba fasili za nyuga hazilingani, na sasisho lijalo linaweza kukwama hapo.

Wapo wanaohariri `key_value` kwa mkono. Thamani zake zimepangwa kwa mtindo wa PHP wenye urefu wa kila neno: `s:6:"string"`. Ukiandika `integer` bila kugeuza 6 kuwa 7, kifurushi chote hakisomeki tena, na ufafanuzi wa nyuga zote za aina hiyo ya kitu umo kwenye kifurushi hicho kimoja. Tumia msimbo wa Drupal kusoma na kuandika, kamwe si kihariri cha hifadhidata.

Injini nazo zinatofautiana kwa namna inayobadili uamuzi. PostgreSQL inaruhusu `ALTER` ndani ya muamala, kwa hiyo ukikosea unarudi nyuma kama hakuna kilichotokea, ingawa jedwali linafungwa kabisa wakati wa kazi. MySQL na MariaDB hukamilisha muamala wenyewe kila zikikutana na `ALTER`, hakuna kurudi. Kubadili aina ya safu kwenye MySQL kunalazimisha kunakili jedwali zima huku uandishi umezuiwa. SQLite haina amri ya kubadili aina ya safu; unaunda jedwali jipya, unahamisha, unafuta la zamani na kubadili jina.

Hata hivyo kuna kazi ambayo njia hii inaishinda nyingine zote: kurefusha. Uga wa maandishi wa herufi 255 unaotakiwa kuwa 500 haubadili umbo, haubadili aina, na hakuna thamani inayoguswa. Kwa `utf8mb4` herufi 255 tayari zinaweza kufikia baiti 1,020, kwa hiyo MySQL inatumia baiti mbili kuhifadhi urefu tangu mwanzo, na kurefusha hadi 500 ni mabadiliko ya papo kwa papo, jedwali halinakiliwi. Fanya `MODIFY` kwa majedwali yote mawili, badilisha urefu kwenye `entity.storage_schema.sql`, andika `settings.max_length` mpya kwenye mipangilio, kisha sajili ufafanuzi mpya kwa `entity.last_installed_schema.repository`. Kama safu ina faharasa, angalia kikomo: kwa mpangilio wa zamani wa InnoDB ni baiti 767, ndiyo asili ya ile 191 unayoiona kwenye faharasa nyingi, na kwa mpangilio wa DYNAMIC ni 3,072.

Kufupisha ni jambo jingine kabisa. Pima `MAX(CHAR_LENGTH(...))` kwanza, kwenye jedwali la matoleo pia, ambako mara nyingi ndiko maandishi marefu yamejificha.

Kesi ya pili inayovumilika: maandishi mafupi kwenda orodha ya maandishi. Zote mbili zina `_value` moja ya VARCHAR(255), safu hazibadiliki; orodha inaongeza faharasa ya `_value`, na mengine ni kumbukumbu tu. Lakini kila thamani iliyopo lazima iwe kwenye orodha ya ruhusa. Isiyokuwemo itaendelea kukaa kwenye hifadhidata, ila mhariri akifungua fomu haitaonekana imechaguliwa, na akihifadhi inapotea.

## CSV

Kwa kweli hii ni njia ya kwanza, ila kunakili kunapita kwenye jedwali la hesabu badala ya SQL. Bado unahitaji uga mpya wa kupokelea. Ichague pale ukaguzi ulipotoa mamia ya thamani zinazohitaji macho ya mtu: majina ya waandishi yaliyoandikwa kwa namna nne, tarehe kama "mwishoni mwa 2009", kurasa zenye utangulizi wa namba za Kirumi.

Toa safu tatu: namba ya maudhui, thamani ya zamani, na safu tupu ya thamani mpya. Kamwe usimpe mtu faili ambalo anafuta thamani ya zamani na kuandika juu yake. Hutaweza kukagua alichobadilisha. Ingiza kwa moduli ya Feeds au Migrate, ukitumia namba ya maudhui kama ufunguo, si kichwa cha habari, kwani vichwa hurudiwa.

Programu ya jedwali la hesabu ni adui wa kimya. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba na kugeuza zinazozidi kuwa sifuri, huondoa sifuri za mwanzo, na hugeuza kitu kama "3-4" kuwa tarehe. Fungua faili kwa kuingiza data na kuzitangaza safu zote kuwa maandishi, si kwa kulibofya mara mbili. Na usimamishe uhariri wa uga huo tangu unapotoa faili hadi unapoliingiza, vinginevyo kazi ya wiki hiyo itafutwa na thamani za wiki iliyopita.

## Jozi zenye mitego ya peke yake

Maandishi tupu kwenda maandishi yenye fomati: ukinakili `_value` ukaacha `_format` ikiwa NULL, Drupal itatumia fomati ya akiba, ambayo huonyesha alama za HTML kama maandishi. Weka `'basic_html'`, au fomati unayotumia, ndani ya `INSERT`. Kurudi upande wa pili ni kugumu zaidi: kuondoa alama kwa `strip_tags` kunaacha `&amp;` na wenzake, hivyo fuatisha `html_entity_decode`.

Tarehe bila saa kwenda tarehe yenye saa: zote ni maandishi ya herufi 20, `2015-03-12` dhidi ya `2015-03-12T00:00:00`, na ya pili inasomwa kama UTC. Ukiongeza saa 00:00, msomaji aliye magharibi ya UTC ataona tarehe 11. Ongeza `T12:00:00`; adhuhuri ya UTC inabaki siku ileile karibu kila mahali duniani. Tarehe zilizoandikwa kama maandishi "03/04/2015" hazigeuzwi hadi ujue nani aliandika mwezi kwanza, na kama ni wahariri wawili tofauti, hiyo ni kazi ya CSV.

Desimali ya kawaida ya Drupal ni tarakimu 10, mbili zikiwa baada ya nukta. Kubwa kabisa ni 99,999,999.99. Chagua upana kabla ya kuunda uga, kwa sababu ukishajazwa na huo pia unaganda.

## WordPress: kinyume chake

Kwenye WordPress nyuga za ziada zinakaa `wp_postmeta`, na `meta_value` ni LONGTEXT kwa kila kitu. Ukibadili aina ndani ya programu-jalizi kama ACF (Advanced Custom Fields), hifadhidata haiguswi hata baiti moja. Hakuna atakayekuzuia, na hapo ndipo hatari ilipo: thamani inabaki ya zamani, inasomwa kwa macho mapya. ACF huhifadhi tarehe kama `20150312`. Uga uliokuwa maandishi "12/03/2015" ukiufanya tarehe, kilichomo hakilingani na kinachotarajiwa. Uga wa picha unatarajia namba ya kiambatisho, si anwani ya faili.

Kwa hiyo chaguo hapa ni jepesi: badilisha aina, kisha geuza thamani kwa skripti inayotumia `update_field()`, na uipime kwanza kwa kuchapisha tu itakachobadilisha. Nyuga za kuchagua vingi huhifadhiwa kwa mtindo uleule wa PHP wenye urefu, hivyo usizibadili kwa `REPLACE` ya SQL. Amri ya `wp search-replace` inaujua mtindo huo. Kwa tatizo la kupanga peke yake huenda usihitaji kubadili kitu: tumia `meta_value_num` kwenye `orderby`, na `ASC` kwenye `order`, na 98 itakuja kabla ya 120.

## Kuhesabu, na kufuta cha zamani

Kwa njia zote, linganisha idadi za mistari na zile ulizoandika mwanzoni, majedwali yote mawili, na kwa kila `langcode`. Tofauti iwe sawasawa na idadi ya zilizokataliwa na `REGEXP`. Fungua maudhui machache ambayo hayajachapishwa na yenye tafsiri. Huko ndiko skripti za haraka husahau.

Ukifuta uga wa zamani kwenye Drupal, data haiondoki papo hapo. Majedwali yanabadilishwa majina kuwa `field_deleted_data_` na `field_deleted_revision_` pamoja na msimbo mwishoni, kisha cron, kazi ambayo mfumo huiendesha mara kwa mara, inayasafisha 50 kwa mkupuo. Kwa maudhui 10,000 hiyo ni takriban mizunguko 200, na moduli iliyoleta aina ya uga huo haiwezi kuondolewa hadi usafi uishe. Ukitaka kuharakisha, endesha `drush php:eval "field_purge_batch(1000);"` mara kadhaa hadi majedwali hayo yasionekane tena.